Vipande vyangu vya kalamu vina viputo na kimoja kimebaki laini kama mpira: je, ninunue tangi la presha?

Swali: "Nimeanza kukereza kalamu hivi karibuni, na sasa nataka kumimina vipande vyangu vya resini mwenyewe, nyumbani. Nilinunua epoksi inayouzwa kwa kumwagia juu ya meza, chupa mbili, uwiano 1:1. Nilipima kwa mizani, gramu sawa kwa sawa. Kalibu yangu ni ya silikoni, yenye vyumba vya milimita 19 kwa 19. Kipande cha kwanza kilijaa viputo. Cha pili, rafiki alinishauri niongeze hadena (ile ya chupa ya pili, inayoigandisha resini) ili kiwahi kuganda, na hadi leo, wiki ya tatu, kinapinda kama mpira. Cha tatu kiliganda, lakini kilipasuka nilipokitoboa siku iliyofuata. Kila ninayemuuliza ananiambia bila tangi la presha, lile la kubania kalibu kwa hewa wakati resini inaganda, najisumbua bure. Ni kweli? Na jambo jingine dogo: vidole vinaniwasha, na katikati ya vidole pametoka vipele. Sikuvaa glavu kwa sababu epoksi hii haina harufu kabisa."

Naanza na hilo uliloliita dogo, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri na hilo haliwezi.

Vipele vinavyotokea katikati ya vidole baada ya kushika epoksi bila glavu vinafanana sana na mzio wa epoksi. Resini na hadena zikiwa bado mbichi ni molekuli ndogo zenye hamu ya kushikamana na kitu, na ngozi ni kitu. Zikipenya, kinga ya mwili huzihesabu kuwa adui, na ikishazikariri haizisahau. Mtu anaweza kushika epoksi miezi mingi bila tatizo, kisha siku moja tone dogo likamvimbisha kope. Mzio huu ukishakaa, kwa kawaida ni wa maisha. Kwa hiyo acha kumimina kuanzia leo, funga chupa, na nenda kwa daktari, wa ngozi ukimpata, ukiwa na picha ya lebo za chupa zote mbili. Mwambie wazi kwamba ni epoksi, maana vipele hivi huchukuliwa kwa urahisi kuwa fangasi. Ukianza kubanwa kifua au kupiga miluzi unapopumua baada ya kufanya kazi hii, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kukosa harufu si kukosa madhara. Poliesta, resini ya aina nyingine, inanuka vikali na kila mtu anaiogopa, epoksi hainuki na watu wanaishika kama uji, ilhali kwa upande wa mzio wa ngozi epoksi ndiyo ya kuogopwa zaidi. Resini ikikugusa, ifute kwa karatasi kavu kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Usitumie thina wala asetoni kwenye ngozi. Huilainisha resini na kuifungulia njia ya kuingia ndani. Daktari akikuruhusu kuendelea, vaa glavu za nitrili, mikono mirefu, na ubadilishe glavu kila zinapochafuka. Glavu iliyovuliwa ikiwa na resini isivaliwe tena, kwani utaigeuza ndani nje bila kujua.

Sasa tuingie kwenye vipande vyako. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na naamini hata ungekuwa na tangi bora kuliko yote, kipande cha pili kingetoka laini vilevile na cha tatu kingepasuka vilevile. Tangi lingekusaidia kwenye kile cha kwanza tu, na hata hapo si kwa njia ambayo watu wengi wanaifikiria.

Tuanze na kile laini, kwa kuwa ndicho chenye somo kubwa. Rafiki yako hakukudanganya kwa makusudi. Ushauri wa kuongeza hadena una asili yake, nao umetoka kwenye resini nyingine kabisa: poliesta, ile ya mafundi wa faiba. Poliesta inauzwa ikiwa na kila inachohitaji ili igande. Kile kinachoongezwa, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, ni kianzishi tu, kama kiberiti kwenye kuni. Ukiongeza matone machache, moto unawaka haraka. Ukipunguza, unawaka taratibu. Fundi wa faiba hucheza na matone kulingana na hali ya hewa, na yuko sahihi.

Hadena ya epoksi si kiberiti. Ni nusu ya kuni zenyewe. Kila molekuli ya resini ina ncha zinazotafuta mwenzi kwenye molekuli ya hadena, na zikishikana, mnyororo mmoja hufungwa kwa mwingine mpaka kipande kizima kinakuwa wavu mmoja mgumu. Fikiria ukili wa mkeka: miyaa ikilingana, ukili unakaza, ukiingiza miyaa ya ziada isiyo na ya kupishana nayo, unapwaya. Hadena uliyoongeza haikuharakisha chochote cha maana. Ilibaki imening'inia humo ndani bila mwenzi, ikilainisha kipande kama mafuta. Hakitakomaa, hata ukikianika jua la mwaka mzima, na hakuna cha kupaka juu yake kitakachokiokoa. Kitupe, na usikikereze wala kukipiga msasa, kwa sababu vumbi la epoksi isiyokomaa ni njia nyingine ya kuupata huo mzio niliokueleza.

Kosa lenyewe hata halikuanza na ushauri wa rafiki. Lilianza kwenye mizani. Angalia tena lebo ya chupa zako. Epoksi nyingi za juu ya meza zinaposema 1:1 zinamaanisha ujazo, yaani mililita kwa mililita, na wewe ulipima gramu kwa gramu. Resini kwa kawaida ni nzito kuliko hadena. Chukua mfano wa resini yenye gramu 1.13 kwa kila mililita na hadena yenye gramu 0.97. Gramu 100 za resini ni kama mililita 88, lakini gramu 100 za hadena ni kama mililita 103. Hapo umeshazidisha hadena kwa zaidi ya asilimia 16 ukidhani umepima sawa, halafu ukaongeza nyingine juu yake. Kipande cha kwanza na cha tatu viliganda, ndiyo, lakini nina shaka kama viliwahi kufikia ugumu vilivyostahili.

Mimi ni mtu wa mizani. Kwa vipande vidogo kama vya kalamu, kusoma mistari kwenye kikombe ni kubahatisha, kwani resini hupanda kwenye kingo na jicho hukosea. Lakini mizani hufaa tu kama mtengenezaji ametoa uwiano wa uzito, na wengi hutoa kwenye karatasi ya maelezo hata kama haupo kwenye lebo. Kwenye mfano wangu wa juu, 1:1 kwa ujazo ni sawa na gramu 100 za resini kwa gramu 86 hivi za hadena. Huo ni mfano, usiutumie kwa chupa zako. Tafuta namba yao. Ukiikosa, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, moja kwa kila chupa, na usiyabadilishane mabomba hayo kamwe.

Kiasi cha kupima nacho hukosewa sana. Chumba cha milimita 19 kwa 19 chenye urefu wa milimita 130 kinabeba mililita 47, karibu gramu 50. Ukichanganya gramu 50 tu kwa kipande kimoja, kosa la gramu mbili kwenye mizani isiyo makini ni kosa kubwa. Ukichanganya za vipande vinne kwa pamoja, kosa hilo hilo linapungua uzito. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wasimimine kimoja kimoja.

Kisha kuchanganya. Dakika tatu kamili, taratibu, ukikwangua kuta na pembe za chini za kikombe, halafu hamishia yote kwenye kikombe kingine kisafi na uchanganye tena dakika moja. Kikombe cha pili si mbwembwe. Kwenye kuta za kile cha kwanza daima hubaki utando wa resini au hadena tupu, na ukiukwangua wakati wa kumimina unaingia kwenye kalibu ukiwa mbichi. Kipande chenye doa moja la kunata katikati ya ugumu, mara nyingi kimeumizwa hapo. Na usipige mchanganyiko kama mayai: viputo vyako vingi uliviingiza mwenyewe kwa kijiti.

Hapo ndipo tunafika kwenye kipande cha kwanza, na tangi. Epoksi ya juu ya meza imetengenezwa iwe nzito ili isitiririke kingoni, na ienee kwa unene mdogo, mara nyingi milimita 3 hadi 6 kwa tabaka. Kwenye unene huo kiputo kina safari fupi ya kufika juu na kupasuka. Wewe umeimimina kwenye shimo la milimita 19. Kiputo kilicho chini kinapanda polepole ndani ya kitu kizito kama asali, na epoksi inaganda kabla hakijafika. Zaidi ya hapo, epoksi inapoganda hutoa joto, na kadiri rundo linavyokuwa nene ndivyo joto linavyokosa pa kutokea. Joto linaharakisha kuganda, kuganda kunazidisha joto. Kwenye vipande vyembamba vya kalamu hali hii huvumilika, lakini mabaki uliyoyaacha kwenye kikombe yanaweza kuchemka na kutoa moshi. Nimewahi kuona kikombe cha plastiki kikilegea na kuinama chenyewe juu ya meza. Mabaki yamwage yawe tambarare kwenye sinia la bati nje ya nyumba, yagande hapo, ndipo uyatupe.

Dawa ya kwanza ya viputo, basi, ni kubadilisha epoksi. Tafuta ile iliyotengenezwa kwa kumiminwa kwa kina kirefu. Ni nyepesi kama mafuta ya kupikia, inaganda kwa siku moja hadi tatu badala ya saa chache, na inatoa viputo yenyewe ikiwa imetulia. Chumba cha kazi kiwe na joto la nyuzi 22 hadi 25. Kabla ya kupima, weka chupa zilizofungwa vizuri kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi ili resini iwe nyepesi zaidi, ukijua kwamba joto pia linapunguza muda wako wa kufanyia kazi. Kausha chupa kabla ya kufungua. Mimina kwa uzi mwembamba, mahali pamoja, kwenye kona ya kalibu, na uiache resini ijitafutie njia hadi upande wa pili ikisukuma hewa mbele yake. Moto wa haraka wa tochi ya gesi hupasua viputo vya juu tu. Hauvifikii vya chini, na ukikaa sana unaharibu silikoni. Kwa kipande cha rangi tupu, bila mti wala kitu kingine ndani, njia hii peke yake inakupa vipande vinavyofaa kabisa. Kiputo kimoja au viwili vidogo vitakavyojitokeza wakati wa kukereza unavijaza kwa gundi nyembamba ya supagluu na kuendelea.

Tangi la presha linafanya kazi tofauti na wengi wanavyodhani. Haliondoi viputo. Linavibana. Ukiweka hewa ya bari 4 juu ya ile ya kawaida (presha ya hewa inayotuzunguka ni karibu bari 1), kiputo kinabaki na moja ya tano ya ujazo wake, upana wake unashuka hadi karibu sehemu sita kati ya kumi, na sehemu ya hewa yake inayeyuka ndani ya resini. Vidogo vinatoweka machoni, vikubwa vinabaki kuwa vidogo. Kwa sababu vimebanwa tu, ukifungua tangi kabla resini haijawa ngumu vinavimba tena kama hakuna kilichotokea. Na ukichelewa kuweka presha mpaka resini imeanza kunata, umeshachelewa. Kuna la ajabu zaidi linalowakuta wenye tangi jipya: kalibu ya silikoni iliyotengenezwa bila presha huwa na viputo vyake ndani ya kuta, navyo vikibanwa, kipande chako kinatoka na vinundu vidogo kila upande.

Pampu ya ombwe, ile inayonyonya hewa, ni ndugu yake anayefanya kinyume. Inavivimbisha viputo ili viweze kupanda juu na kupasuka, na hutumika kwenye kikombe kabla ya kumimina. Resini inaumuka mno, hivyo kikombe kiwe na nafasi mara tatu au nne ya resini iliyomo. Kwa anayeanza siioni kuwa ya lazima.

Tangi linakuwa la lazima kwa mambo mawili. La kwanza ni poliyurethani, resini inayopendwa na wakerezaji wengi kwa sababu ni ngumu bila kuvunjika ovyo na inaweza kukerezwa siku inayofuata. Inakupa dakika chache tu za kuchanganya na kumimina, viputo havipati muda wa kutoka, na ikikutana na unyevu inatengeneza gesi ya kaboni dioksidi na kuumuka kama andazi. Hadena yake ina isosianeti, ambazo ni maarufu kwa kusababisha pumu, na kwa mtu ambaye ngozi yake imeshaanza kulalamika siipendekezi nyumbani hata kidogo. La pili ni kuunganisha mti na resini. Mti umejaa hewa, nao utaendelea kuitema ndani ya resini saa baada ya saa. Ukifika huko, kausha mti kwanza kwenye joto la nyuzi 105 hivi, ukiupima mpaka uzito uache kushuka, uache upoe ndani ya mfuko uliofungwa, kisha uzibe vinyweleo vyake kwa kuupaka resini nyembamba kabla ya mimino kubwa.

Ukiamua siku moja kununua tangi, nunua lililothibitishwa kwa presha unayotaka kutumia, lenye vali ya usalama inayofanya kazi. Kifuniko chenye upana wa sentimita 25, kikiwa na bari 4 chini yake, kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani 2. Kwa nguvu hiyo hakuna la kubuni. Bomba la PVC la maji likipasuka hurusha vipande vyenye ncha kali. Sufuria ya presha ya jikoni imeundwa kwa bari 1 hivi. Tangi la rangi la bei nafuu lenye alama ya bari 4 halipandishwi hadi 5 kwa sababu lilivumilia jana. Tangi lililotumika na mtu mwingine, mpelekee kwanza fundi wa mitungi ya presha alikague kwa mikono yake. Hilo siwezi kukusaidia kwa maandishi.

Kipande cha tatu, kilichopasuka, nakionea huruma, maana pengine kilihitaji wiki moja tu. Kuganda na kukomaa ni vitu viwili. Epoksi inayohisi ngumu baada ya saa 24 bado inaendelea kujifunga ndani kwa ndani, na nyingi huchukua kama siku 7. Bonyeza ukucha kwenye kona: ukiacha alama, rudisha kabatini. Siku ya kutoboa, endesha mashine polepole, ingiza biti kidogo, itoe yote, isafishe, rudia. Takataka zikijaa kwenye mifereji ya biti, msuguano unapasha joto, resini inalainika na kuibana biti, na hapo ndipo mpasuko unapozaliwa. Sehemu inayovunjika zaidi ni pale biti inapotokea upande wa pili. Kata kipande kirefu kuliko kinachohitajika kwa sentimita moja hivi, toboa bila kutokeza, kisha kata mwisho uliobaki kwa msumeno ili tundu lijifungue.

Kama rangi yako inapitisha mwanga, paka rangi ndani ya tundu na juu ya mrija wa shaba unaoingia humo kabla ya kuugandisha, la sivyo shaba itaonekana kwa ndani. Kwa rangi zenyewe, unga wa mika (madini yanayometameta) unatosha kuanzia. Usitumie rangi za maji. Ukitaka mawimbi ya rangi mbili, ngoja kila kikombe kianze kuwa kizito kidogo ndipo umimine kwa pamoja. Zikiwa nyepesi mno zitachanganyika ziwe rangi moja ya matope.

Kwenye kerezo, noa patasi kuliko unavyonoa kwa mti, na gusa kwa wepesi. Epoksi iliyokomaa hutoka kama utepe mrefu. Ikirukaruka vipande, patasi ni butu au unasukuma sana. Msasa utumie na maji, ili vumbi libaki kwenye tope badala ya kwenye mapafu yako, na barakoa ya vumbi ivaliwe hata hivyo. Kama kuna mkerezaji unayeweza kumtembelea, mwombe akuonyeshe kunoa. Saa moja ukimtazama mikono itakufaa kuliko kurasa zangu kumi.

Kuhusu swali lako la kununua: tangi lisubiri. Nunua glavu, epoksi ya kina kirefu, vikombe, na mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, lakini tu baada ya daktari kukuona. Akikuambia kwamba ni mzio kweli, usimimine tena epoksi kwa glavu za aina yoyote. Vipande vilivyokwisha kumiminwa na kukomaa vinauzwa, navyo vikikerezwa hutoa kalamu nzuri vilevile. Muulize daktari huyo huyo kama vumbi lake ni salama kwako. Akikuruhusu kuendelea, mimina vinne vya rangi tupu kwa mpigo mmoja, andika tarehe, gramu za resini, gramu za hadena na joto la chumba, kisha viache siku saba. Kimoja kikitoka laini, niandikie ukiwa na namba hizo nne.